Mtoto akibaki nyuma mlimani, usimwite mvivu

Saa tano asubuhi mtoto wa miaka sita aliketi juu ya jiwe katikati ya njia, akavua begi lake la shule, akasema hatembei tena.

Baba yake alikuwa mbele hatua kama hamsini, begi kubwa mgongoni na hema limefungwa juu yake. Aligeuka akacheka. "Inuka, baba. Mwanaume hachoki mapema hivyo. Tumekaribia." Mtoto hakujibu. Dada yake wa miaka kumi alirudi kumvuta mkono. Kaka yake wa miaka kumi na tatu akasonya. Kila mmoja aliipa hali ile jina lake: huyu alisema uvivu, yule kudeka, mwingine njaa.

Mama ndiye aliyechuchumaa mbele yake na kumuuliza swali ambalo wengine hawakulifikiria: "Mwanangu, tangu tutoke nyumbani umekojoa?"

Mtoto alitikisa kichwa. Walikuwa wameondoka Bombambili kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Zaidi ya saa nne zilikuwa zimepita na jua limeshapanda. Chupa yake ya maji ilikuwa chini kabisa ya begi la baba, chini ya blanketi na sufuria, mahali ambapo asingeweza kuifikia bila kuusimamisha msafara mzima.

Ahadi ya baba

Safari hii ilisubiriwa muda mrefu. Watoto wa Songea hufundishwa shuleni kwamba Mto Ruvuma, ulioupa mkoa wao jina, unaanzia kwenye milima ya Matogoro, ile ile wanayoiona wakiwa mjini. Kutoka huko unasafiri kilomita zipatazo 800, sehemu kubwa ukiwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji, hadi Bahari ya Hindi. Baba aliwaahidi wanawe kwamba likizo ya Juni watauona mto huo unapoanzia, kwa macho yao na si kwenye kitabu.

Mpango ulikuwa wa siku mbili: kutembea na mizigo mgongoni, kulala usiku mmoja kwenye hema, kufika kwenye chemchemi asubuhi ya pili, kisha kurudi. Waliomba ruhusa mapema, maana Matogoro ni msitu wa hifadhi na chanzo cha maji, si shamba la mtu la kuingia na kutoka. Anayetaka kupanda aanze kwenye ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, aelezwe utaratibu, sehemu zinazoruhusiwa na masharti ya kuwasha moto. Familia hii ilimchukua pia kijana mwenyeji anayeijua njia. Katika hayo yote mawili walifanya vizuri.

Msimu nao waliuchagua vizuri. Ruvuma hupata mvua kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kufikia Juni njia zimekauka na hewa imepoa. Lakini ubaridi huo una mtego wake. Mtoto anayetembea kwenye hewa baridi hasikii kiu kama anayetembea kwenye joto la Dar es Salaam, ilhali mwili wake unapoteza maji kwa jasho na kwa kuhema. Isitoshe, miti ya miombo hupukutisha majani kadiri kiangazi kinavyosonga, kivuli kinapungua, na jua la saa nne linawapiga utosini bila wao kuhisi.

Hesabu ya miguu mifupi

Kosa la kwanza lilifanyika nyumbani, juzi yake usiku. Baba alipanga mwendo kwa miguu yake mwenyewe.

Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti aitwaye William Naismith alitoa hesabu ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni hesabu ya mtu mzima mwenye afya, asiyesimama njiani. Ukiwa na mtoto wa miaka sita, zidisha mara mbili ndipo uwe na uhakika. Hatua yake ni fupi, kwa hiyo kila hatua moja yako kwake ni karibu mbili. Tena mtoto hatembei kwa mstari: anakimbia, anasimama kutazama mdudu, anarudi kuokota kijiti. Kufikia saa nne ameshatembea kuliko nyote.

Dawa yake ni rahisi, na haigharimu kitu. Mdogo kuliko wote atangulie, au awe wa pili nyuma ya mwenyeji. Mzazi mmoja awe wa mwisho kabisa, pasiwe na mtu nyuma yake. Msafara ukienda kwa mwendo wa aliye mbele, na aliye mbele akiwa na miguu mifupi, hakuna atakayeachwa. Msafara wa Bombambili ulikuwa kinyume: baba mbele, mtoto nyuma. Kila alipowafikia wenzake waliokuwa wakimsubiri, wao walikuwa wameshapumzika na wanainuka kuondoka. Yeye hakupata pumziko hata moja.

Begi la mtoto lipimwe

Mama alipoinua begi la mwanawe pale kwenye jiwe, alishtuka. Ndani kulikuwa na sweta, viatu vya ziada, gari la bati, chupa ya juisi ambayo haijafunguliwa, daftari, na mawe manne aliyoyaokota njiani kwa sababu yalikuwa yanang'aa. Hakuna aliyelipima.

Wataalamu wa afya ya watoto wengi hushauri begi la mtoto lisizidi takribani sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mtoto wa kilo 20 abebe kilo 2, na hapo maji yake yamo. Mizani ya duka la jirani inatosha kupimia: mpime mtoto, kisha lipime begi. Kwa mtu mzima, begi likivuka sehemu moja ya tano ya uzito wake ataanza kulalamikia magoti wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda.

Mikanda yote miwili ya begi ivaliwe, na begi likae juu mgongoni, lisining'inie kwenye makalio. Vitu vizito vikae karibu na mgongo. Kabla hamjatoka mtaani, kila mtu abebe begi lake na kutembea nalo robo saa. Linalokera nyumbani litaumiza mlimani.

Viatu havihitaji kuwa vya gharama. Raba ya shule ambayo mtoto ameshaizoea ni bora kuliko buti jipya lililonunuliwa jana. Avae soksi ndefu, na suruali ichomekwe ndani ya soksi. Hilo humkinga na majani makali, kupe na upupu, ambao kiangazi huwa umekauka na vinyweleo vyake hupeperuka kwa upepo. Mtoto akipatwa na upupu asijikune. Mvue nguo zilizoguswa, bandika utepe wa gundi au tonge la ugali juu ya ngozi na ubandue ili kuvuta vile vinyweleo, kisha osha kwa maji mengi.

Maji yakae pale mkono unapofika

Pale kwenye jiwe baba alifungua begi lote hadi akaipata chupa. Mtoto alitaka kuinywa yote kwa mkupuo. Mama alimzuia. Alichanganya pakiti ya ORS katika lita moja ya maji, akamketisha kivulini, akamfungua vifungo vya shati na kumpa funda moja moja, kila dakika chache. Mtoto aliyeishiwa maji akinywa mengi kwa haraka huweza kuyatapika yote, mkarudi mlipoanzia.

Kila familia inayokwenda mlimani ibebe pakiti mbili tatu za ORS. Zinauzwa katika maduka ya dawa na ni nyepesi kuliko biskuti. Kama hazipo, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kufuta, hufanya kazi hiyo hiyo. Chumvi isizidi hapo, kwa kuwa ikizidi inamdhuru mtoto.

Wapanda milima wengi hukadiria nusu lita ya maji kwa kila saa ya kutembea kwa mtu mzima. Watoto hunywa kidogo zaidi kwa wakati mmoja lakini wanapaswa kunywa mara nyingi zaidi: weka kengele ya simu kila nusu saa, na ikilia kila mtu anywe, aliye na kiu na asiye na kiu. Chupa ya mtoto iwe kwenye mfuko wa pembeni wa begi lake mwenyewe.

Maji ya chemchemi yanavutia, nayo ni baridi na meupe, lakini weupe si usafi. Juu yenu kunaweza kuwa na mnyama aliyekunywa humo au mtu aliyejisaidia karibu. Yachemshe hadi yatokote vizuri, kisha yapoe. Mkitumia vidonge vya kutibu maji, someni pakiti: vingi vimetengenezwa kwa ndoo ya lita 20, si kwa chupa ya lita moja, na kuongeza dawa hakuongezi usalama.

Swali la mama kuhusu mkojo ndicho kipimo bora cha maji mwilini ambacho mzazi anacho. Mtoto anayekunywa vya kutosha hukojoa kila baada ya saa chache, na mkojo wake ni wa rangi ya maji ya limau. Ukiwa mchache na wa rangi ya chai, anahitaji kunywa sasa. Asipokojoa kuanzia asubuhi hadi mchana, mdomo ukawa mkavu na akawa mnyonge, safari imesimama hadi atakapokojoa.

Joto lililobaki

Baada ya karibu saa nzima mtoto alikojoa. Kidogo, na rangi iliyokolea. Alitabasamu, akala ndizi nusu, akauliza kama mawe yake yapo. Baba alianza kufunga begi.

Lakini mama aliweka kiganja shingoni mwa mwanawe na hakukiondoa. Joto lilikuwa halijashuka, na walikuwa wamekaa kivulini muda wote huo. Alitoa kipimajoto, akakiweka kwapani. Kilisoma 38.6.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Kijana mwenyeji alisema sehemu ya kulala iko mwendo wa saa mbili. Baba alisema mtoto atafika, atalala, kesho ataamka mzima. Watu wazima wote wamewahi kusema hivyo, na mara nyingi imekuwa kweli. Kulikuwa na gharama zilizolipwa. Kulikuwa na watoto wawili wenye afya walioisubiri siku hii tangu Machi. Kijana wa miaka kumi na tatu alisema kwa sauti kwamba kila siku mdogo wake ndiye anayeharibu.

"Tunarudi," mama alisema.

"Mama, tumebakiza saa mbili."

"Baba, saa mbili za kwenda. Na usiku akizidiwa, za kurudi gizani ni ngapi?"

Baba alinyamaza. Alikuwa amefikiria saa za kwenda tu. Mwezi Juni, Songea jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu jioni. Kumshusha mtoto mwenye homa mgongoni, usiku, kwenye mteremko wa majani makavu na tochi mbili, kungemweka hatarini mtoto huyo na anayembeba pia.

Saa saba kasoro waligeuka. Mtoto alibebwa kwa zamu mbeleko mgongoni, kwa khanga ya mama. Hema liligawanywa: baba alibeba kitambaa, kijana wa miaka kumi na tatu akabeba vyuma. Njia nzima kijana hakusema neno, lakini alibeba.

Homa haikutoka mlimani

Jioni hiyo walifika kwenye zahanati wakiwa na vumbi hadi magotini. Kipimo cha haraka cha malaria kilitoa mistari miwili. Muuguzi alimwandikia mtoto dawa mseto na kumpa dozi ya kwanza pale pale. Baba aliuliza kwa mshangao: mbu wa mlimani wamemuuma saa ngapi?

Hawakumuuma huko. Dalili za malaria kwa kawaida hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea, na mara chache kabla ya siku 7. Wiki mbili nyuma familia nzima ilikuwa shambani kwa bibi kuvuna mahindi, na watoto walilala siku nne bila chandarua. Ugonjwa ulipanda nao mlimani ukiwa tayari ndani ya damu.

Wazazi wengi wanaosafiri na watoto hawaijui hesabu hii, nayo ina pande mbili. Kwanza, homa ya siku ya kwanza au ya pili ya safari ilianzia nyumbani, kwa hiyo mtoto aliyeamka na joto, aliyekataa uji au aliyelala vibaya usiku wa kuamkia safari abaki, na mzazi mmoja abaki naye. Pili, safari haiishi mnapofika nyumbani. Kwa wiki mbili hadi nne baada ya kulala porini au kijijini, homa yoyote ya mtoto ipimwe malaria siku hiyo hiyo.

Haraka hiyo ina sababu. Malaria inayosababishwa na vimelea vya falciparum, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi nchini, isipotibiwa ndani ya saa 24 inaweza kugeuka malaria kali. Mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kushindwa kuamka, usisubiri kipimo cha nyumbani wala ushauri wa jirani: mpeleke hospitali mara moja. Songea mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na upande wa magharibi iko hospitali ya misheni ya Peramiho.

Paracetamol kwa kipimo cha uzito wa mtoto inashusha joto na kumpa nafuu, lakini haiui vimelea. Mtoto aliyepewa na kuchangamka bado anahitaji kupimwa. Akikutwa na malaria, dawa mseto ya ALu inanywewa siku tatu, dozi sita: ya pili saa nane baada ya ya kwanza, zilizobaki asubuhi na jioni kwa siku mbili, pamoja na chakula. Wazazi wengi huacha siku ya pili mtoto akianza kucheza. Mama huyu alibandika karatasi mlangoni na kuweka alama kila dozi hadi ya sita.

Kurudi kunapangwa kabla ya kwenda

Norway ni nchi ambayo familia nyingi hutembea milimani kila likizo. Kanuni zao za mlima zimefundishwa tangu miaka ya 1950, na mojawapo inamhimiza msafiri ageuke mapema kwa kuwa hakuna aibu katika kurudi. Watu waliozaliwa kwenye theluji na milima waliona ni lazima liandikwe. Sisi tunaopanda mara moja kwa miaka kadhaa tunalihitaji zaidi.

Ugumu ni kwamba mlimani, mtu akiwa amechoka na amelipa, hana akili ya kuamua vizuri. Uamuzi ufanyike mezani usiku wa kuamkia safari, watoto wakisikia. Mambo matatu yatosha:

Saa ya kugeuka. Chagueni saa, mfano saa nane mchana, na popote mtakapokuwa ikifika mnageuka hata kama kilele kinaonekana.

Sababu za kugeuka bila mjadala. Homa, kutapika mara ya pili, kuhara, jeraha linalomfanya mtu achechemee, au mvua ya radi.

Mwenye neno la mwisho. Mtu mmoja akisema turudi, mnarudi. Hapigiwi kura, na hasimangwi jioni.

Mwachieni mtu aliyebaki mjini maelezo ya njia, majina ya mnaokwenda na saa ya kutarajiwa kurudi. Mtandao wa simu hukatika mabondeni, kwa hiyo msitegemee kupiga simu mkipotea. Mahali penye mtandao, namba 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ni ya dharura.

Jambo jingine linalohitaji uamuzi wa haraka ni nyoka. Kifutu hulala kimya njiani na rangi yake ni ya majani makavu, hivyo mtoto atazame anapokanyaga na asiingize mkono kwenye mashimo au chini ya magogo. Mtu akiumwa, msichanje, msinyonye sumu, msifunge kamba ya kubana, wala msipoteze muda na jiwe la nyoka. Vueni pete, viatu na chochote kinachobana, fungeni kijiti pembeni ya kiungo kisichezecheze, mbebeni asitembee, na mwende hospitali. Msimfukuze nyoka ili mkamwonyeshe daktari. Dalili za mgonjwa zinamtosha.

Matunda ya porini kama masuku huwafurahisha watoto katika msimu wake, lakini wekeni sheria moja: hakuna kinachoingia mdomoni kabla ya mtu mzima anayekijua kukitazama. Kwa uyoga, hata mtu mzima asijaribu asioujua.

Wanaochagua vilima vya ziwani

Familia nyingine za Songea hupenda kupita Mbinga na kushuka hadi Mbamba Bay, ambako vilima vyenye miti vinateremka mpaka ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Yote yaliyosemwa hapo juu yanahusu huko pia, na kunaongezeka ziwa lenyewe. Huko ni chini kuliko Songea na joto ni kali zaidi, hivyo maji ya kunywa yaongezwe na mwendo uanze alfajiri.

Mtoto aliyetembea juani kutwa atataka kuogelea. Waulizeni wenyeji kwanza kuhusu mamba. Kisha kumbukeni kichocho: vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi, hasa kando ya ufuko wenye majani na maji yaliyotulia. Mtoto aliyeingia ziwani apelekwe kupimwa wiki sita hadi nane baadaye hata kama hana dalili, kwa kuwa mapema zaidi ya hapo kipimo kinaweza kisione kitu. Damu kwenye mkojo au choo haisubiri wiki hizo. Tiba ipo, nayo ni vidonge.

Mara ya pili

Mtoto wa Bombambili alimaliza dawa, akapona, akarudia kula ugali wa watu wawili. Mawe yake manne yalipangwa dirishani. Kaka yake, ambaye hakuwa amesema mengi tangu siku ile, alikuja mwenyewe jioni moja na kumwomba mama amfundishe kusoma kipimajoto.

Jumamosi moja kabla shule hazijafunguliwa walirudi Matogoro. Safari hii hawakubeba hema. Ilikuwa ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na saa ya kugeuka iliandikwa kwa kalamu kwenye mkono wa baba: nane. Kila mtoto alikuwa na chupa yake pembeni ya begi, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na karanga. Begi la mdogo lilipimwa kwenye mizani ya duka la jirani, likakutwa na kilo moja na nusu. Kaka yake alikuwa wa mwisho kwenye msafara, kwa kuomba mwenyewe.

Aliyetangulia alikuwa mtoto wa miaka sita, nyuma ya kijana mwenyeji. Alisimama kila alipotaka kusimama, na wote walisimama. Kengele ya simu ilipolia walikunywa. Saa sita na dakika ishirini walikuwa wamesimama kwenye majani mabichi, mbele ya maji membamba yanayotiririka kati ya mizizi.

"Ndio huu?" mtoto aliuliza.

"Ndio huu," baba alisema.

Aliutazama mto muda mrefu, akauruka, akaurukia tena kurudi. Kisha akamgeukia mama yake kabla hajaulizwa chochote.

"Nimeshakojoa," alisema. "Mara mbili."